Vineno vya Hope

Kila Jumapili baada ya ibada, Rachael wa kijiji cha Ngao hupigiwa simu ya video na bintiye Lois, anayeuguza wazee Uingereza. Mjukuu Hope, wa miaka minne, huongea Kiingereza mpaka apungukiwe na pumzi. Kisha Lois hutafsiri: "Mama, anakusalimia."

Rachael si mtu wa kubishana, lakini amelima mpunga vya kutosha kulitambua gunia lililopunguzwa njiani. Alitaka kumsikia mjukuu mwenyewe, kabla mtoto hajachoka na bibi wa kutafsiriwa.

Akamwendea Mwalimu Oliver, mstaafu aliyefundisha Kiingereza Garsen mpaka wanafunzi wake wakapata wajukuu. Kiingereza cha Rachael kilikuwa cha darasa la nane, kizito: aliijua "extinguish", kuzima, aliijua "descend", kushuka. Hope hakuwa na habari nazo. Yeye alikuwa na "put", "get" na "come", kila moja na kineno kinachoifuata nyuma, na kineno kikibadilika, maana inahama nyumba.

Mwalimu akamchorea jedwali. Rachael akalikariri akipalilia migomba. "Put on", kuvaa. "Put out", kuzima. "Put up with", kuvumilia.

"Mwalimu, huyu 'with' naye amefuata nini?"

"Wanaandamana."

"Kwa sababu gani?"

Mwalimu alivua miwani. Darasani swali hilo alilijibu kwa ukali. "Hakuna sababu, Mama Lois. Wamezoeana tu."

"Kama jirani yangu Kuno na mkewe."

"Hao hata wenyewe ukiwauliza hawajui."

"Basi jedwali la nini?"

"La mtihani. Kuwajua, mpaka ukae nao."

Rachael alilitafakari hilo njia nzima. Jumapili iliyofuata akamwambia Lois: "Leo usitafsiri. Mwekee mtoto simu pale anapochezea, wewe nenda jikoni."

"Mama, hutaelewa kitu."

"Nenda, mwanangu."

Hope alikuwa akimvisha mwanasesere viatu huku akimgombeza. "Come on. Put it on. No, take it off." Kiatu kiliingia, kikatoka, kikaingia tena. Rachael alivirudia vineno kwa midomo tu, bila sauti. Baadaye mtoto akainua uso, akaongea kwa kirefu, akinyoosha kidole kwenye skrini. Rachael alishika kama nusu.

"Mama," Lois akaita kutoka jikoni, "anasema—"

"Tuache," akasema Rachael. "Anaongea na mimi."