Moshi wa Ubani Chini ya Boneti

Mume wangu alikuwa fundi wa masikio. Ndivyo walivyomwita pale Jinja miaka ya hamsini, na sifa hiyo aliipenda kuliko chochote nilichowahi kumpikia. Gari likiingia gereji aliinama juu ya injini, ncha moja ya bomba la mpira sikioni, ncha nyingine akiipitisha huku na huko, kisha ananyoosha kidole: hapa. Mwenye gereji, Singasinga mzee mwenye maneno machache, aliwaita wateja waje kutazama. Hakuna aliyejua, isipokuwa mimi, kwamba masikio yale yalikuwa yanakufa.

Sisi ni wazao wa askari waliokuja kutoka Sudani, na wanaume wetu hawakukosa vita. Wangu alikwenda Burma, mizinga ya huko ikamharibu masikio polepole. Sauti nene alizisikia vizuri. Nyembamba zilimpotea moja baada ya nyingine, kwanza mbu, kisha birika linapoanza kuimba. Mimi nilijua siku niliposimama nyuma yake nikamsema vibaya mama yake, naye akaendelea kula.

Nilimwambia amweleze mwenye gereji. Akasema fundi wa injini asiyesikia ni wa kuziba pancha tu, na yeye hakurudi hai kutoka Burma ili azibe pancha. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Aliinuka akaenda kulala, na safari hiyo nilijua amesikia.

Ndipo likaja gari la daktari. Daktari mwenyewe alikuwa Mhindi wa Mbale, kijana bado, na gari lake lilikuwa la watu wawili, la mbio, lisilo na paa, la zamani kuliko vita, boneti yake imefungwa kwa mkanda wa ngozi. Barabarani lilikwenda vizuri. Likisimama lilianza kuhema, juu, chini, juu, chini, halafu linazimika. Alisema limemzimikia kila alipopunguza mwendo, tangu Mbale hadi Jinja.

Gereji nzima iliafikiana kuhusu ugonjwa. Injini ilikuwa inavuta hewa mahali pasipotakiwa, petroli inazidiwa na upepo. Kazi ilikuwa kupajua mahali penyewe. Tundu la namna hiyo hupiga mluzi, lakini mluzi mwembamba mno, hasa ule ambao mume wangu hakuwa nao tena. Alipitisha mpira wake asubuhi nzima asisikie kitu. Badala ya kusema hivyo, akanyoosha kidole: hapa. Wakafungua, wakabadilisha gasketi, wakafunga. Gari likahema na kuzimika. Kesho yake akanyoosha kidole mahali pengine. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa fupi kama injini ile.

Mwenye gereji hakumgombeza. Alimuuliza kama anaumwa, kisha akamwambia kwa upole kwamba daktari anakuja Ijumaa mchana. Akilikuta gari bado linahema, meza ya injini atakabidhiwa fundi aliyetoka Mombasa, na mume wangu atahamia kwenye matairi.

Alhamisi alirudi mapema nyumbani kwetu Nalufenya, akakaa sakafuni bila kuvua viatu. Nilikuwa nafukiza nguo za Ijumaa kama kawaida yetu: ubani juu ya makaa ya chetezo, tenga la fito juu yake, nguo juu ya tenga. Moshi ulipanda vizuri, halafu ukalala upande na kwenda moja kwa moja kwenye ufa wa dirisha, ufa ambao nilikuwa nimemwomba aukandike kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkumbusha tena.

"Ile moshi nakwenda wapi?" akauliza.

Nilimwambia unakwenda kwenye aibu yake. Hakucheka. Aliinuka, akauweka mkono mbele ya ufa, moshi ukanyooka. Akautoa, ukalala tena. Alifanya hivyo mara nyingi hadi nguo zangu zikanuka makaa.

Ijumaa asubuhi nilikwenda naye gereji na chetezo changu, maana ubani una mkono wake na yeye hakuwa nao. Makaa na petroli havikai pamoja, kwa hiyo alilitoboa debe tupu la samli, akaweka chetezo ndani, akaliacha mlangoni, mbali na gari. Juu alichomeka mpira mrefu, na chini akaacha tundu la mimi kupepea. Aliufungua mkanda wa feni ya injini ili upepo wake usitawanye moshi, akasema tuna dakika chache tu kabla maji ya kupoza injini hayajachemka. Mwenye gereji alisimama kando na ndoo ya mchanga.

Injini ikawashwa, ikaanza kuhema. Nilipepea, na mume wangu akapitisha ncha ya mpira juu ya gasketi mpya, juu ya kabureta zote mbili. Moshi ulipanda ukapotea hivi hivi. Akashuka chini ya bomba linaloigawia injini hewa, mahali ambapo hata mkono hupita kwa shida. Hapo moshi uliacha kupanda. Ulijipinda, ukawa mwembamba kama uzi, ukaingia ndani ya chuma.

Nilisahau kupepea. Nilikuwa nimefua mafuta ya injini kwenye nguo zake miaka yote ile, na sikujua kwamba kitu kile kinavuta pumzi. Chuma kizima, kisicho na doa la kuonekana, kilikuwa kinakunywa ubani wangu. Nilishikwa na kicho, nikasema Subhanallah kwa sauti.

Akabandika kipande cha sabuni mbichi pale. Injini ikatulia, ikaunguruma sawasawa. Mwenye gereji aliinama, akaibandua sabuni, akairudisha, akaibandua tena, sikio lake karibu kabisa, kisha akainuka anatabasamu. Alisema mluzi ule hata yeye alikuwa hajausikia, na sasa ameusikia. Akampiga mume wangu begani.

"Masikio yako iko mzima bado," akasema. "Wewe nasikia hii?"

Ilibaki kusema ndiyo tu. Ufa umepatikana, daktari yuko njiani, na hakuna ambaye angejua. Mimi mwenyewe niliomba moyoni aseme ndiyo.

"Sisikii, bwana," mume wangu akasema. "Siku mingi sisikii. Hii mi naona kwa macho."

Aliizima injini. Kicho cha moshi nilikisahau pale pale, kwa kumtazama yeye. Mwenye gereji aliliangalia debe, akaniangalia mimi, akazishika ndevu zake.

"Basi Jumatatu lete moshi tena," akasema. "Iko lori ya pamba nahema vile vile."

Chetezo changu hakikurudi nyumbani tena. Jumamosi nilikwenda sokoni kununua kingine, na mume wangu akabaki nyumbani kukandika ufa.