Mgeni wa Nyumba ya Mnara

Enzi zetu mvua ya mawe ilikuwa sherehe. Ilitukuta tukirudi kutoka shule ya misheni, nasi tukatupa vibao vyetu tuokote barafu na kuitafuna mpaka meno yafe ganzi. Watoto wa siku hizi wanaitoa kwenye friji, kisha wanalalamika kwamba ni baridi.

Tulikaa nyuma ya hoteli moja upande wa Kapkatet, ambako baba alikuwa mpishi. Nyumba ile aliijenga mzungu wa Ayalandi kwa kuiga ngome ya babu zake, juu ya kilima ambapo babu yangu alikuwa akichunga ng'ombe. Mzungu huyo alipofariki, mjane wake akaigeuza kuwa hoteli. Nyumba ilikuwa nyumba kweli: kuta nene, mnara wenye ngazi za kuzunguka, kila chumba na moto wake, harufu ya nta sakafuni na ya mikate ya baba. Sisi watoto tuliamini kuna malkia amejificha kule juu. Kogo, yaani nyanya yangu, hakuvutiwa hata kidogo. Alisema anayekaa ndani ya mawe ni pimbi.

Kisha ikaja mvua isiyo na utani. Iliporomosha paa letu la nyasi, na mama alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Memsahib, yule mjane, alikuja mwenyewe, mwavuli umetoboka, akasema mama alazwe chumba cha wageni. Kogo, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga wa mama, akakataa katakata mjukuu wake azaliwe pangoni. Mama alitetemeka, midomo imebadilika rangi. Nililia nikijua nitampoteza.

Baba alimsihi Kogo akaangalie tu. Tukamkuta Memsahib amepiga magoti chumbani, akifukua makaa aliyoyafukia kwenye majivu usiku uliopita na kuyapuliza kwa mdomo, vilevile Kogo alivyofanya kila asubuhi ya maisha yake. Baba akatueleza kwamba kwao Ayalandi moto wa nyumba hauachwi ukafa. Kogo alivua shuka yake, akaitandika karibu na moto, akaagiza mama aletwe.

Jua halijazama nikapata mdogo wangu wa kiume, na mama akaomba uji. Kogo akamwita mtoto Kiptoo, jina la mvulana anayezaliwa nyumbani kukiwa na wageni. Baba akacheka, akasema wageni ni sisi. Memsahib akauliza wanabishania nini, na alipoelezwa akatazama nje dirishani, kwenye mteremko ambako babu alichunga ng'ombe.

"Hapana," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Hii toto nazaliwa hapa, hapa kwake. Mgeni ni mimi."

Kogo akaagiza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akamkaribisha Memsahib anywe kwanza, kama anavyostahili mgeni.

Si kwamba enzi hizo zilikuwa tamu zote. Wazungu wengi wasingeturuhusu hata barazani. Lakini Memsahib yule alikuwa na ngome ya mawe na bado alijua kwake ni wapi. Leo mtu akijenga vyumba viwili na lango la chuma, hata nyanya yake hubisha hodi na kuulizwa amekuja kwa nani.