Kapiteni aliyegeuzwa mtunza bustani

Wakati wa uasi, hapa Kimemi, Butembo, tulitazama filamu katika chumba cha video, na mtafsiri alisimama kando ya televisheni akitueleza kwa Kiswahili. Siku moja alileta filamu ya upelelezi iliyotokana na kitabu cha zamani. Mpelelezi alipomnyooshea kidole muuaji, kapiteni mwenye sare, mtafsiri akatangaza: "Muuaji ni mutunza bustani! Koti ile ya jeshi alinunuaka ku soko."

Mwalimu mmoja kutoka Kasai akasimama. "Mais hapana! Mu kitabu, muuaji ni kapiteni!"

Mtafsiri akaelekeza kidevu kwenye benchi la mbele, walipoketi waasi na kapiteni wao. "Mwalimu, kuya basi hapa mbele utafsiri weye."

Kapiteni akageuka polepole. "Mwalimu, mu kitabu, ule kapiteni banamukamata?"

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Mon capitaine, kitabu yangu ilikosaka kurasa za mwisho."

Nami nilikisoma chote shuleni kwa mapadri, hadi pingu za ukurasa wa mwisho, lakini nikatazama dari. Kufuata kitabu neno kwa neno ni jambo jema, mradi chumba kiwe na mlango wa nyuma.