Nimezamisha Mpira Mweupe, Nikashangilia Peke Yangu

Leo ukumbi mzima umenicheka pale Majengo. Mimi! Niliyewahi kumfanya mzungu aache mchezo arudi kwao!

Sikilizeni.

Nimekuta vijana wa maofisini wanacheza snuka. Wakaniamkia, wakanipa fimbo.

"Anko, tuonyeshe."

Nikapaka chaki. Nikapiga mpira mweupe, ukagusa mwekundu, ukageuka taratibu kama ng'ombe anayejua zizi lake, ukatumbukia shimoni.

Nikanyoosha mikono juu. Tatu!

Wakatazamana.

Halafu kicheko.

"Anko, mweupe hautumbukizwi! Umetupa pointi nne za bure!"

Ni kweli, kwenye snuka ni kosa. Lakini mimi nimekulia kwenye biliadi. Mipira mitatu tu mezani, na mweupe wako ukigusa mwekundu kisha ukazama, unapata tatu. Nikawaeleza, wakadhani nawapiga kamba. (Najua, huwa napiga. Ila hii siyo.)

Nikatoka nje nikampigia Bakari. Tulicheza naye kila Jumamosi, kabla meza yetu haijang'olewa na yeye kurudi kijijini kwao Busi kulima.

"Bakari, leo nimezamisha mweupe."

"Umepitia mwekundu?"

"Nimepitia mwekundu."

Nikasikia mbuzi huko kwake.

"Tatu hizo, kaka. Na zamu bado ni yako."

Jamani, anayejua ilipo meza ya biliadi Dodoma hii aniambie, hata iwe imechanika kitambaa. Bakari nitamfuata mwenyewe.