Mgeni wa Jioni Kwenye Kamera ya Zizi

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nilianza kununua pamba hapa Kasoli kwa mizani ya kuazima, na leo nina maghala mawili Bariadi mjini, wakati shule yangu iliishia darasa la nne. Nimeibiwa, nimetishiwa uchawi, nikalala usingizi wangu vizuri. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, jua bado lipo, na sikuwa nimeonja kitu.

Mama yangu hawezi tena kutembea. Kinachomuuma si miguu, ni ng'ombe wake mwekundu, aliyekuwa na mimba kubwa.

"Nitakufa sijamwona anazaa," aliniambia.

Nani avumilie maneno hayo? Nikaagiza kibao cha kompyuta, kidogo kama kiberiti, chenye kamera. Nikakiunganisha kwa kutazama video tu. Ndiyo, mwenyewe! Kinarusha picha kwa waifai mpaka kwenye simu ya mama kitandani.

Mchana kilipiga kazi. Ng'ombe wakirudi kutoka malishoni tu, mtandao unakata. Nikabadilisha chaja, nikidhani umeme hautoshi. Nikabadilisha waya. Nikaandika paswedi upya, herufi moja moja. Nikazima rauta, nikaiwasha. Wapi! Ng'ombe waliingia, kikakata. Na kiwele cha mwekundu kilikuwa kimeshajaa, wakati wowote angezaa.

Basi nimechuchumaa zizini, simu mkononi, nakitukana kile kibao, nikasikia nyuma yangu:

"Mwadila."

"Mwadila," nikaitikia salamu nikiwa nimegeuka nusu. Mzee mrefu, shuka jeusi, fimbo begani. Nikajua mchungaji anapita. "Mzee, usimguse huyo mwekundu, anapiga teke."

Akacheka. Alikuwa ameshaanza kumkuna shingoni, na ng'ombe kafumba macho! Niamini, hata mimi hanikubalii hivyo.

"Unahangaika na nini, wewe tajiri?"

"Mtandao."

"Umekifunga chini, usawa wa kiwele. Matumbo yote haya yamesimama kati yake na nyumba. Wewe ungesikia ukiitwa? Kipandishe juu."

Kweli nilikifunga chini makusudi, mama aone ndama akitoka. Mfugaji gani angekiweka juu, atazame migongo? Lakini nikapanda nguzo, nikakifunga juu kabisa, jicho likitazama chini. Taa yake ndogo ikaacha kupepesa, mtandao ukashika. Nikakimbilia ndani.

Mama kaishika simu kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, huku anacheka.

"Mwanangu, baba yako kazeeka."

Baba alifariki mimi nikiwa tumboni. Hata picha yake sijawahi kuiona. Nikachungulia simu: mzee yule kasimama na mwekundu, anatutazama.

Nikatoka mbio. Zizini hapakuwa na mtu. Lango nilikuwa nimelifunga kwa mnyororo, na mnyororo ulikuwa vilevile. Mwekundu tu bado kainua shingo, kama anayetaka kukunwa tena.

Alizaa kabla giza halijaingia, ndama jike, na mama aliona mwanzo mpaka mwisho. Tangu hapo mtandao haujakata. Na mama sasa, kila jioni, lazima achanwe nywele na avalishwe kitenge kizuri ndipo aifungue ile simu. Mzee hajaonekana tena. Mama hajali, anasema baba hakuwa mtu wa kuaga.

Wewe unayesoma, ukihangaika na mitambo yako na mtu akakusalimia, geuka. Mtazame usoni, mpe kiti. Mimi baba yangu sikumpa hata kigoda, tena nikamkataza kugusa ng'ombe wa mke wake! Mama alisema hilo halipiti hivi hivi. Baba akaribishwe kwa heshima: ukoo wote uitwe, dume lichinjwe, pombe ipikwe, na shuka jipya jeusi litundikwe zizini. Kibao nilikinunua elfu thelathini na tano. Kumkaribisha baba nyumbani kulinigharimu shilingi milioni moja, laki mbili na elfu kumi na sita.