Ziwa Moja

Wachuuzi wa soko la mifugo mjini Garissa walimwita Abdijabar "Kamusi", naye hakulikataa jina hilo. Alikuwa mkalimani hospitalini, mtu mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina, na fahari yake kubwa ilikuwa Kiswahili. Wenzake wengi waliolelewa katika Kisomali walisema "bole" badala ya "pole". P yake yeye ilisikika p. Ujana wake aliupitisha Malindi katika duka la binamu yake, na misemo ya huko aliirudisha nyumbani kama wengine warudishavyo vitambaa, akawa anaivaa kila alipopata mtu wa kumtazama.

Mwaka wa 1998, mafuriko ya El Nino yalipokauka, wachungaji waliona mifupa ya mtu ndani ya laga, mkondo wa mto usio na maji, kando ya barabara ya Dadaab. Fuvu lilikuwa na tundu la risasi. Majambazi walikuwa wamewapoteza watu kadhaa katika njia ile, kwa hiyo polisi hawakuruhusu mazishi kabla ya kujulikana marehemu ni nani. Daktari wa kuchunguza maiti akaitwa kutoka Nairobi.

Yurub, mwuza maziwa ya ngamia, alifika hospitalini pamoja na wifi yake Nasteho. Shueb, kaka yake Yurub na mume wa Nasteho, alikuwa ameondoka na lori la mizigo mwaka uliotangulia, na tangu hapo hapakuwa na habari yake.

"Adeer," Yurub alimwambia Abdijabar, akimwita baba mdogo kama wanavyoitwa wanaume wazima wote huko, "mwambie huyu daktari anipe mtu wangu nimzike. Nasteho hajui kama ni mke au mjane. Hata nguo hajui avae ipi."

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu. Aliwaketisha, akaeleza.

"Ndani ya chembe za mwili mna maandishi yasiyoonekana kwa macho. Yapo marefu, ambayo mtu hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama. Mfupa uliopigwa na jua na maji huyapoteza mapema. Yapo pia mafupi, ambayo mama huwapa watoto wake wote, na ya baba hayamo. Hayo yana nakala nyingi mno katika kila chembe, kwa hiyo hudumu, hasa ndani ya jino. Maabara huzidisha nakala zilizosalia mpaka zisomeke, kisha huzilinganisha na za jamaa wa upande wa mama."

Abdijabar alitafuta neno la Kisomali kwa hayo maandishi, akalipata: nasab, yaani ukoo, ambao Wasomali huuhesabu kwa baba. Yurub aliangua kicheko.

"Nasab ya kwa mama! Adeer, wazee wakisikia hayo wataifunga hospitali."

Daktari aliuliza kinachochekesha, akaelezwa, akacheka naye. Kisha akasema, "Sasa muulize kwa makini. Yeye na Shueb walizaliwa na mama mmoja?"

Hapo ndipo Abdijabar alipokata njia. Maneno yote yale aliyaona mengi kwa jambo lililo wazi. Alimgeukia Yurub akamwuliza tu, kwa Kisomali, "Ninyi ni ndugu hasa?"

"Maziwa ndiyo yaliyotufanya ndugu," Yurub alijibu. "Mama alichompa yeye, nami alinipa. Nani mwingine aliye karibu naye kuliko mimi?"

Abdijabar alisikia neno maziwa, na msemo wa Malindi ukamjia mdomoni umeiva.

"Wamenyonya ziwa moja, Daktari."

Mswahili akisema hivyo huwa amesema kuwa watu hao wametoka tumbo moja. Daktari alielewa hivyo hivyo. "Toka nitoke, basi?"

"Toka nitoke," Abdijabar alijibu, bila kumtazama Yurub.

"Kiswahili chako, Mzee, kinatutia haya sisi wa Nairobi."

Maneno hayo aliondoka nayo mpaka nyumbani, akayala pamoja na chakula cha jioni.

Daktari alivaa glavu mpya ili jasho lake lisichanganyike na kazi, akamchoma Yurub kidole, akadondosha damu kwenye kitambaa safi. Alikiacha kikauke kivulini, akakitia katika bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki aliukataa, kwa kuwa hufungia unyevu, nao unyevu huozesha kile kinachotafutwa. Jino la marehemu alilifunga peke yake. Vyote vikaenda Nairobi, na kutoka huko vikapelekwa ng'ambo.

Majibu yalikawia miezi. Yalipofika, Abdijabar ndiye aliyewatafsiria: mifupa ile si ya ndugu ya Yurub. Daktari angerudi kuizika bila jina.

Yurub alipiga kigelegele pale pale kwenye ukumbi wa wagonjwa. Shueb hakufa! Labda alivuka mpaka, labda yuko kizuizini mahali, lakini hakufa. Alichinja mbuzi, akamwalika mkalimani aliyeleta habari njema, akamweka mahali pa heshima. Nasteho alipokuja kumnawisha mikono, Abdijabar aliona viganja na kucha zake zimetiwa hina mpya, nyekundu, ya mwanamke anayemtazamia mumewe.

"Kula, Adeer, kula!" Yurub alimhimiza. "Ah, huyu Shueb wangu. Mama yake alikufa Tarbaj siku aliyomzaa, unajua? Mama yangu alikuwa akininyonyesha mimi. Akamchukua yatima yule, akampa ziwa la kushoto, la kulia likabaki langu. Alikuwa mlafi! Mama alisema akimaliza lake ananyoosha mkono kwenye langu."

Wanawake walicheka. Tonge lilikuwa mkononi mwa Abdijabar, nalo halikupanda wala halikushuka.

Alijua sheria ya jambo hilo kama alivyoijua kila mtu mle ndani. Waliolelewa kwa maziwa ya mama mmoja ni ndugu: hawaoani, na hakuna anayeuliza zaidi. Lakini maziwa hayakuandika chochote ndani ya mwili wa Shueb. Daktari alikuwa amelinganisha mifupa na damu ya upande wa mama mwingine, na majibu yale hayakusema lolote kuhusu Shueb.

"Mbona huli, Kamusi?" mmoja alimtania. "Umekosa neno la nyama?"

Alilazimisha tonge lishuke.

Kwa siku kadhaa alijitengenezea visingizio, na kila kimoja kilikuwa na Kiswahili safi. Yurub mwenyewe alitaja maziwa. Daktari mwenyewe angepaswa kuuliza tena. Isitoshe, nani angejua? Lakini kila alipopita karibu na chumba cha maiti alimkumbuka mtu aliyesubiri jina lake, na kila alipofumba macho aliiona ile hina.

Daktari aliporudi, Abdijabar alimngojea mlangoni.

"Daktari, usizike. Yurub na Shueb ni ndugu wa kunyonya. Mama zao ni mbalimbali."

Daktari aliketi polepole. "Kwa hiyo Yurub alitudanganya?"

Mlango wa kutokea lawamani ulikuwa umefunguliwa, mpana. Abdijabar alihisi uso ukimwaka mpaka kwenye mizizi ya ndevu.

"Hapana. Yeye alisema maziwa. Mimi ndiye niliyesema ziwa. Na swali lako la mama mmoja sikumfikishia."

Daktari hakumkaripia. Abdijabar angeona nafuu kama angekaripiwa. "Basi tunamhitaji jamaa wa mama aliyemzaa Shueb," Daktari alisema. "Dada ya mama atafaa. Maandishi ni yale yale."

Kabla ya kumtafuta huyo, ilibidi Yurub aambiwe. Abdijabar alimwendea kibandani kwake, akasimama kati ya madumu ya maziwa kama mtu aliyekuja kuomba. Yurub alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ulinichinjisha mbuzi wa furaha, Adeer," alisema kwa sauti ndogo, "juu ya maiti ya ndugu yangu."

"Huenda si yeye."

"Usinitafsirie tena."

Khaloyo wa Shueb, yaani dada ya mama yake, aliitwa Kaaha, kikongwe wa Tarbaj. Alikuja na Kiswahili chake cha sokoni, akamnyima mkalimani nafasi. "Wewe kaa huko!" alimwambia Abdijabar, kisha akamnyooshea Daktari kidole. "Choma, daktari. Lakini hii damu ni ya ngamia, utabata maziwa tu." Daktari alicheka. Abdijabar alitazama sakafu.

Safari hii majibu yalikubaliana. Daktari alieleza kwamba hilo pekee lisingetosha, kwa kuwa maandishi ya upande wa mama huwa ya watu wengi wa ukoo mmoja. Hata hivyo mfupa wa paja ulikuwa na kovu la kuvunjika na kuunga, na Yurub alikumbuka vizuri mahali Shueb alipoangushwa na ngamia utotoni. Yurub aliyasikia hayo kupitia kwa muuguzi kijana, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kibovu na ambaye aliuliza kila swali mara mbili.

Shueb alizikwa alasiri. Wanaume walipouliza ni nani jamaa wa karibu walioachwa nyuma, Abdijabar alijibu kwa Kisomali, kwa maneno makavu: "Mke wake Nasteho, khaloyo yake Kaaha, na Yurub, dada yake wa kunyonya." Hakuongeza pambo.

Baadaye alikwenda kutoa pole. Nasteho alikuwa amevaa nguo nyeupe za eda. Alimletea chai mwenyewe, akiwa ameishika bilauri kupitia upindo wa shela ili mikono yake isionekane, kwa kuwa mjane hatii hina. Lakini chai ilikuwa moto, shela likateleza na chai kidogo ikamwagika. Viganja vilikuwa vimekwisha kupauka. Kwenye ncha za kucha wekundu ulikuwa bado upo, umebaki kipande chembamba, kwa sababu hina ya kucha haioshwi. Husubiri kucha ikue.

Nasteho alivuta shela upesi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

"Bole, Adeer," alisema kwa Kiswahili chake kichache, akimwomba radhi kwa chai iliyomwagika.

Abdijabar aliinama, akaipangusa chai ile kwa upindo wa kanzu yake mwenyewe.