Meno Thelathini na Sita ya Kinu cha Ignace

Ijumaa ya tarehe 18 Julai 2008, Floribert Bahizire alitetea kazi yake ya mwisho wa masomo katika shule moja ya ufundi mjini Bukavu, akapewa alama kumi na sita juu ya ishirini. Kazi ilihusu kinu cha maji kilichosaga mahindi na mtama katika bonde moja la Walungu. Michoro ilikuwa safi hata mwalimu mmoja akaomba abaki nayo. Ukurasa wa 23 ulisema: "Kinu kilikuwa kimesimama kwa sababu mwenyewe hakukitunza."

Kinu hakikuwa kimesimama. Floribert ndiye aliyekisimamisha.

Mwezi wa nne mwaka huo alifika kwa msagaji, mzee Ignace, akiwa na rula na daftari. Alitaka kupima kina cha matundu yaliyoshika meno ya gurudumu kubwa, na tundu halipimiki jino likiwa ndani. Ignace alimruhusu ayachomoe yote thelathini na sita. Kila moja alikuwa amelichonga kwa kufuata tundu lake, kadiri yalivyovunjika, kwa zaidi ya miaka ishirini. Hayakuwapo mawili yaliyofanana. Floribert aliyapa namba kwa chaki, akayapanga kwenye majani.

"Bwana Enjenieri, chaki iko ya ubao," Ignace alimwambia. "Huku kunanyesha."

"Niache, Papa. Kesho asubuhi narudisha yote."

"Niko nakuacha. Si njo wewe ulisoma?"

Mvua haikungoja kesho; usiku ilifuta namba zote. Siku nane walijaribu kuyarudisha. Gurudumu lilizunguka nusu, likavunja meno manne. Mara ya pili, sita. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walibeba mahindi yao hadi barabarani, kwenye mashine ya kusaga ya mazutu, yaani dizeli, na hawakurudi. Ignace hakumtukana. Alimfungia hata viazi vya njiani, na viazi hivyo ndivyo Floribert anavyovikumbuka zaidi.

Alijiambia kwamba ni sentensi moja tu, na kwamba hakuna anayesoma ukurasa wa 23. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Leo ana arobaini, anakaa Bagira, anafundisha umekanika katika shule ileile na kusimamia kazi za wanafunzi. Mara tatu aliaga nyumbani kwamba anakwenda kumwona mzee. Mara zote tatu alirudia njiani. Ignace alikufa mwaka jana.

Mwezi wa nane mwaka huu, Noëlla, binti wa Ignace, alimfuata shuleni, simu mkononi. Vijana wa bonde walikuwa wamesafisha magofu ya kinu na kuandaa kibao cha maelezo. Maneno waliyanakili kutoka kazi yake, na picha aliyomwonyesha ilikuwa na sentensi ya ukurasa wa 23 chini ya jina la Ignace.

"Tonton, njo wewe uliandika hii?"

"Ni mimi."

"Papa alikuwa anapakala ile gurudumu mawese kila Jumamosi, siku ya posho. Mama alikuwa anamuchekelea, anasema ile njo bibi yake mukubwa." Hakuinua sauti. "Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nilikuona na yale meno."

"Mbona hamukusema?"

"Papa alikataza. Alisema uko bado mutoto wa masomo, watakufukuza."

Mchana huohuo Floribert aliandika barua ya kurasa mbili, akaeleza jinsi kinu kilivyosimama, akaomba ukurasa usahihishwe. Mkuu wa idara, Cédric, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliisoma akiwa amesimama.

"Papa Floribert, kinu kilishakufa, na muzee alishakufa. Unataka kuua na mukate yako?"

"Jina la mzee litabaki kwenye kile kibao," Floribert alisema. "Pokea barua, Cédric."

Vijana wamekubali kufuta sentensi ile. Jumamosi Floribert atakwenda Walungu kusema mbele ya watu alichokifanya. Tume ya shule itakaa mwezi wa kumi kuamua kuhusu diploma yake, na hadi hapo hasimamii kazi ya mwanafunzi yeyote.